Karafuu, mchaichai au karatusi: mafuta gani ya harufu yanafaa kwenye sabuni ya nyumbani?

Swali: «Shikamoo, mtaalamu. Ninaishi Tanga na ninatengeneza sabuni ya maji nyumbani, lita 20 kwa mara moja, ya kufulia, kuoshea vyombo na kupigia deki. Inayobaki huwauzia majirani. Mchanganyiko wangu ni asidi ya salfoniki lita moja, slesi (kiini cha povu) kilo moja, soda ashi robo kilo, CDE (ya kuongeza povu na uzito) kidogo, chumvi, na kifuniko kimoja cha formalini ili isioze. Maji ni ya kisima. Miezi michache iliyopita niliacha pafyumu ya dukani nikaanza kutia chupa nzima ya mililita 100 ya mafuta ya karafuu, kwa sababu niliambiwa ni ya asili na yanaua vijidudu. Harufu ni nzuri, lakini nguo zikishakauka siisikii tena, sabuni imekuwa ya kahawia na nyepesi kama maji, na mikono inaniwasha na kupasuka kati ya vidole. Mtoto wangu mdogo ana miaka mitatu na ana pumu, na tuna paka. Meza huwa nafuta kwa siki, magadi soda na matone kumi ya mafuta ya titrii katika lita moja. Je, nichague mafuta gani? Na nikiyapata yaliyo bora, ninaweza kuacha kununua jiki?»

Marahaba, dada. Umeuliza uchague mafuta gani, lakini katika maelezo yako kuna mambo mawili ambayo hukuyauliza na ambayo kwangu ni mazito kuliko uchaguzi wa mafuta, nayo ni kipimo cha soda ashi na ile formalini. Nitafika huko. Kwanza niseme wazi msimamo wangu, kwa kuwa ushauri wote utakaofuata unatokana nao: katika sabuni, mafuta ya harufu hufanya kazi ya harufu tu. Hayang'oi uchafu kwa kiasi cha kuonekana, na kwa vipimo tunavyotumia majumbani hayaui vijidudu vya kutegemewa. Kwa hiyo huyachagui kwa sifa ya nguvu zake, bali kwa kuangalia nani atayavuta puani, nani atayagusa, na yatafanya nini ndani ya sabuni yenyewe.

Tuanze na imani kwamba karafuu inaua vijidudu. Si uongo, ni ukweli uliokatwa nusu. Mafuta ya karafuu kwa sehemu kubwa, mara nyingi kati ya asilimia 70 na 90, ni kemikali moja iitwayo eujenoli, na eujenoli ikiwekwa maabara pamoja na bakteria huwadhuru kweli. Titrii, ambayo hutokana na mti wa Australia usio na uhusiano wowote na majani ya chai tunayokunywa, nayo ina sifa hiyo. Lakini katika majaribio ya maabara, ili titrii izuie bakteria wengi wa kawaida, huhitajika kuanzia robo ya asilimia hadi asilimia moja au zaidi ya mafuta hayo katika kimiminika, tena kwa muda wa kutosha wa kugusana. Matone kumi ni kama nusu mililita. Katika lita moja ya maji hiyo ni asilimia 0.05, nawe unapulizia na kufuta palepale. Tena mafuta hayayeyuki katika maji: huelea juu ya chupa, kwa hiyo mpulizo mmoja hutoka maji matupu na mwingine hutoka mafuta matupu.

Meza yako inakuwa safi, sikatai, lakini inasafishwa na kitambaa na mkono wako. Siki na magadi soda vikikutana hutoa povu la gesi ya kaboni, na baada ya povu kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi isiyo asidi wala magadi. Ukitaka magadi yasugue masizi ya sufuria, yatumie peke yake. Ukitaka siki iondoe ukoko mweupe wa maji ya kisima kwenye bomba na birika, itumie peke yake. Kama sakafu yako ni ya terazo, siki isifike kabisa, kwa sababu vile vipande vya marumaru huliwa na asidi na mng'ao wake haurudi kwa kupiga deki.

Jiki basi usiiache kwa sababu ya mafuta. Kazi kubwa ya usafi wa kila siku hufanywa na sabuni, maji na kusugua, na nyumba nyingi hazihitaji klorini, ambayo ndiyo kiini cha jiki, kila siku. Lakini mtu akitapika au akiharisha nyumbani, choo kikichafuka, au maafisa afya wakitangaza kipindupindu mtaani, hakuna mafuta ya mmea yanayoshika nafasi ya klorini iliyochanganywa kama lebo yake au afisa afya anavyoelekeza. Iwe peke yake katika maji safi. Jiki na siki vikikutana hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu, na kwa mtoto mwenye pumu hilo si jambo la kujaribu hata kwa ndoo moja. Mafuta ya harufu pia usiyatie kwenye jiki, kwa sababu hushambuliana na yote mawili huharibika.

Sasa mikono yako. Umeishuku karafuu, na ni mtuhumiwa halali, lakini wapo watatu.

Wa kwanza ni soda ashi. Asidi ya salfoniki peke yake ni kali na inaunguza. Soda ashi huwekwa ili kuituliza, na kipimo chake si cha kukisia. Kwa hesabu ya kikemia, lita moja ya asidi ya salfoniki ya kawaida ya dukani, yenye nguvu ya asilimia 96 hivi, hutulizwa na takriban gramu 165 za soda ashi. Wewe unaweka 250. Zile gramu 85 za ziada hazina asidi ya kutuliza, kwa hiyo zinabaki ndani ya sabuni kama magadi matupu, na pH, yaani kipimo cha asidi na magadi ambacho 7 ni katikati, inaweza kupanda hadi 10 au kupita, wakati ngozi ya binadamu ina asidi kidogo, karibu na 5. Ukifua kwa mikono katika beseni saa nzima, magadi hayo huyeyusha mafuta ya asili ya ngozi, ngozi hukauka, kisha hupasuka, na hupasuka kwanza palepale ulipopataja, kati ya vidole, kwa sababu maji ya sabuni hutuama hapo na pete huyazuia yasitoke. Robo kilo ni kipimo kinachozunguka katika mafunzo mengi ya ujasiriamali, nadhani kwa sababu tu ni rahisi kupimwa dukani. Nunua karatasi za kupimia pH, ambazo maduka ya kemikali na ya vifaa vya maabara huuza, yeyusha soda ashi katika maji pembeni, uitie kidogokidogo huku ukikoroga na kupima, na usimame ukifika kati ya 7 na 8. Maji ya kisima yakiwa magumu yatakula kidogo ya soda ashi hiyo, ndiyo maana karatasi iamue, si gramu zangu.

Rangi ya kahawia inaunga mkono shaka hii. Eujenoli ikiwa ndani ya kitu chenye magadi mengi huungana na hewa na kugeuka rangi upesi. Ikigusa chuma hugeuka nyeusi zaidi, kwa hiyo kama unakorogea katika pipa au sufuria iliyoanza kutu, acha, utumie ndoo ya plastiki na mwiko wa mbao. Sabuni iliyotulizwa vizuri ingebaki na rangi nyepesi kwa muda mrefu zaidi, ingawa karafuu haitaiacha nyeupe kamwe.

Mtuhumiwa wa pili ni formalini. Ni maji yenye gesi ya formaldehidi, ileile ambayo hutumika kuhifadhi maiti, na ni miongoni mwa visababishi vinavyojulikana sana vya mzio wa ngozi. Ikivutwa kwa muda mrefu imethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Najua karibu kila anayefundisha sabuni ya maji huitaja kama kiungo cha kawaida, na kifuniko kimoja katika lita 20 kinaonekana kidogo, lakini nyumba yenye mtoto wa pumu haina sababu ya kuwa na chupa hiyo hata rafuni. Sabuni huoza kwa sababu ya maji. Chemsha maji ya kisima uyaache yapoe, osha vyombo kwa maji ya moto, tengeneza lita tano badala ya 20, na uimalize ndani ya mwezi mmoja. Ukikusudia kuuza sabuni ikae dukani, nunua kihifadhi kilichotengenezwa kwa ajili ya sabuni na vipodozi, kama fenoksiethanoli, ambacho huwekwa kisichozidi asilimia moja, na ufuate kipimo cha kwenye chombo chake.

Wa tatu ndiye karafuu. Eujenoli inaweza kuleta mzio wa kweli, na mzio huo una tabia inayowachanganya watu wengi: hauji siku ya kwanza. Kemikali hupenya ngozi, hasa ngozi ambayo tayari imepasuliwa na magadi, hujishikiza kwenye protini za mwili, na kinga ya mwili hujifunza kuitambua kwa siku au wiki kadhaa bila dalili yoyote. Baada ya hapo, kila ukiigusa, ngozi huwasha na kuvimba ndani ya siku moja hadi tatu, hata kwa kipimo kidogo kuliko cha mwanzo. Ndiyo maana mtu husema «lakini nimeitumia miezi miwili bila shida». Miezi hiyo miwili ndiyo iliyomfundisha mwili. Na mwili ukishajifunza hausahau kirahisi. Kwa wengi mzio hubaki kwa maisha. Neno «asili» halisaidii hapa, kwa sababu kinga ya mwili haiulizi kama kemikali imetoka Pemba au kiwandani.

Namna ya kuwatenganisha watatu hawa ni kuanza upya na sabuni isiyo na harufu wala formalini, iliyopimwa pH, na kuitumia wiki tatu ukiwa umevua pete. Ngozi ikipona, subiri ipone kabisa ndipo uongeze harufu, moja tu kwa wakati. Isipopona, kuna kitu kingine, nami sitaweza kukiona kutoka huku.

Baada ya hayo ndipo tuzungumze uchaguzi. Hakikisha kwanza kwamba unachonunua ndicho unachokikusudia, kwa kuwa chupa nyingi zilizoandikwa mafuta ya karafuu au ya mchaichai sokoni ni mafuta ya nazi au ya alizeti yaliyolowekewa karafuu, mazuri kwa nywele lakini katika nguo huacha doa la grisi. Ya harufu halisi hupatikana kwa mvuke: mmea hupikwa, mvuke hubeba harufu, ukapoozwa, mafuta yakatengana na maji. Kiwanda cha makonyo cha Wawi, Chake Chake, Pemba, kimekuwa kikifanya kazi hiyo kwa miaka mingi kwa makonyo, yaani vijiti vinavyoshika karafuu, na pia kwa mimea kama mchaichai. Kwa karafuu kuna kipimo rahisi ambacho mafuta mengine mengi hayana: ni nzito kuliko maji. Dondosha tone katika glasi ya maji. Mafuta halisi huzama chini, na yaliyochanganywa na mafuta ya kupikia huelea au hugawanyika. Kwa mchaichai, karatusi na machungwa, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe ukaiache mpaka kesho. Likibaki duara la grisi lenye kupitisha mwanga, umeuziwa mafuta ya kupikia. Kipimo hiki hakigundui pafyumu ya bandia, niseme ukweli, na kwa hiyo bei inayoshangaza kwa urahisi wake ni ushahidi pia. Asumini ndiyo inayodanganya zaidi: ua lake halitoi mafuta kwa mvuke wa kawaida, na yale halisi ni ghali mno kiasi kwamba hakuna mtu mwenye akili timamu angeyatia katika sabuni ya deki.

Karafuu yenyewe ningekushauri uiweke kando kabisa mpaka ujue hali ya mikono yako, na pamoja nayo mdalasini. Mafuta ya majani ya mdalasini yana eujenoli nyingi kama karafuu, na ya magome yana kemikali nyingine ambayo kwa ngozi ni kali zaidi. Mtu asiye na mzio anaweza kutumia karafuu kidogo katika maji ya kumwaga kwenye mtaro wa nje au kuoshea pipa la taka, akiwa amevaa glavu. Katika sabuni ya kufulia kwa mikono siipendekezi kwa mtu yeyote.

Karatusi ina harufu ya usafi inayopendwa, kemikali yake kuu ni sineoli, na ni nafuu. Kwa nyumba yako jibu langu ni hapana. Harufu kali ya aina yoyote inaweza kubana kifua cha mwenye pumu, na mafuta ya karatusi na kafuri yana hatari ya ziada kwa watoto wadogo, kwani wakiyameza hata kijiko kimoja cha chai wanaweza kupata degedege na kupoteza fahamu. Watu wengi huyaona kama dawa ya mafua na kuyaacha juu ya kabati karibu na kitanda. Titrii nayo iondoke kwa ajili ya paka: ini la paka lina upungufu wa vimeng'enya ambavyo wanyama wengine huvitumia kuvunja kemikali za namna hii, naye akikanyaga sakafu mbichi hulamba nyayo zake, hivyo kilichokuwa sakafuni huishia tumboni. Hata kwa sabuni nyingine yoyote yenye harufu, mtoe nje mpaka sakafu ikauke.

Malimau, ndimu na machungwa yanastahili maneno zaidi kidogo, kwa kuwa yakitumika yenyewe, si matone ndani ya sabuni, kweli husaidia kuyeyusha grisi. Limonini, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya mafuta ya maganda yake, huyeyusha gundi ya lebo na mafuta yaliyoganda kwenye jiko. Ila ina tabia mbili. Chupa ikifunguliwa mara kwa mara, limonini huungana na hewa na kuzaa kemikali mpya zinazowasha na kuleta mzio, kwa hiyo mafuta ya machungwa ya mwaka jana si yaleyale uliyoyanunua. Yahifadhi katika chupa ndogo ya kioo cheusi, iliyojaa, mahali pa baridi na penye giza. Tabia ya pili ni ya ndimu na limau zilizokamuliwa bila mvuke: zina kemikali ambazo zikibaki kwenye ngozi ikapigwa na jua huunguza na kuacha mabaka meusi, na Tanga jua lipo. Chungwa tamu halina shida hiyo. Kuloweka maganda katika siki wiki mbili, kama wengi wanavyofanya, hutoa siki yenye harufu nzuri na limonini kidogo sana. Hakuna ubaya, ila usitegemee nguvu.

Linabaki mchaichai, na kwako ndilo ningelichagua, bila kulisifu kupita kiasi. Harufu yake hutoka kwa sitrali, ambayo kwa kawaida ni zaidi ya nusu ya mafuta hayo, nayo sitrali pia inaweza kuleta mzio kwa baadhi ya watu. Faida ni kwamba ina nguvu kubwa puani, hivyo unahitaji kidogo. Liweke katika sabuni ya deki na ya vyombo tu, na uanze na mililita mbili kwa kila lita, yaani asilimia 0.2, ambayo kwa lita tano ni mililita kumi. Asilimia 0.5, ile uliyokuwa ukiweka ya karafuu, iwe ndio mpaka ambao huuvuki kwa mafuta yoyote. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano, kwa maana matone hutofautiana kati ya chupa na chupa. Mtoto akianza kukohoa au kupiga miluzi kifuani siku za deki, acha hilo pia. Sabuni isiyo na harufu husafisha sawasawa. Wako watakaokuambia mchaichai sakafuni hufukuza mbu. Huwasumbua kwa muda mfupi, kisha harufu hupaa, na chandarua hubaki pale kilipo.

Kuhusu sabuni kugeuka maji: uzito wa sabuni hii hautokani na wingi wa viungo bali na namna chembe za salfoniki na slesi zinavyojipanga ndani ya maji. Zikiwa na chumvi ya kiasi, hujikusanya katika nyuzi ndefu zinazojisokota kama tambi, na hizo ndizo zinazofanya sabuni ivute. Mafuta ya harufu yakiingia hukaa katikati ya nyuzi hizo na kuzikata vipande, na chumvi ikizidi kiwango nayo huzivunja, hivyo mtu anayeona sabuni ni nyepesi akaongeza chumvi, na bado nyepesi akaongeza tena, huwa anaimaliza kabisa. Maji ya kisima ya pwani tayari yana chumvi yake. Fanya hivi: changanya mafuta ya mchaichai na slesi kidogo uliyoibakiza, koroga mpaka yapotee ndani yake, kisha mimina katika sabuni iliyopoa, na chumvi iwe ya mwisho kabisa, ikiwa imeyeyushwa katika maji. Ijaribu katika kikombe kabla ya kuitia katika ndoo, na uiache ilale usiku mmoja kabla ya kuhukumu.

Sasa nguo, ambako naamini tamaa ya harufu inatupotosha zaidi. Mafuta ya mimea hupatikana kwa mvuke kwa sababu hupaa kirahisi; kitu kinachopaa kwa mvuke wa sufuria kitapaa pia kwa jua la saa sita juu ya kamba. Harufu za sabuni za unga za viwandani hudumu kwa kuwa zimetengenezwa kwa molekuli kubwa zinazong'ang'ania uzi, au zimefungwa katika vijifuko vidogo visivyoonekana. Mchaichai hauwezi kushindana na hilo, na kuongeza kipimo hakuongezi muda wa harufu bali mzigo kwa mikono yako. Wengine hudondosha mafuta katika maji ya mwisho ya kusuuza. Huko hakuna sabuni ya kuyashika, huelea, na hujishika kwenye nguo ya kwanza kutoka kama doa la manjano.

Fua kwa sabuni isiyo na harufu, suuza mara mbili, anika. Ukitaka nguo zinukie, zinukishe zikiwa zimekauka. Pwani hatukuwahi kungoja mafuta ya chupa kwa jambo hilo: karafuu kavu au vijiti vya mdalasini katika kifuko cha kitambaa ndani ya kabati hunukia miezi kadhaa bila kugusa ngozi ya mtu. Kufukiza udi ni kuzuri kuliko vyote, nami naupenda, lakini moshi ni moshi, na kifua cha mtoto wako hakitofautishi udi na kuni. Fukiza kwa jirani, au uache mpaka akue. Nguo zake, mashuka yake na foronya zisiwe na harufu ya aina yoyote. Na kwa kuwa tumefika kwenye kabati, vile vidonge vyeupe vya kuzuia nondo, naftalini, visikaribie nguo za mtoto mchanga. Watu wengi wa pwani na wa maeneo mengine ya malaria wamezaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD bila kujua, na kichanga mwenye upungufu huo akivishwa nguo zilizohifadhiwa na naftalini, chembe zake nyekundu za damu huvunjika na anaweza kupata manjano makali ya kuhatarisha ubongo.

Mafuta halisi yakae kwenye kioo, kwa maana huyeyusha baadhi ya plastiki, mbali na jiko kwa sababu hushika moto, na juu kuliko mkono wa mtoto. Sabuni unayowauzia majirani usiitie katika chupa za soda au za maji ya kunywa, hata kama ndizo zilizopo na ni za bure. Mtoto wa miaka mitatu anajua chupa hiyo ni ya nini. Andika kwenye kila chombo kilichomo ndani, pamoja na jina la mafuta ya harufu, ili mwenye mzio aweze kujilinda. Ukitaka kuikuza biashara, ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, itakuonyesha njia ya kupata alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, na sabuni yenye pH iliyopimwa itakupunguzia safari.

Nenda kituo cha afya ukiwa na sabuni yako mkononi kama vipele vimepanda kupita viganja, vinatoa maji au usaha, vimefika usoni na machoni, au kama wiki tatu za sabuni isiyo na harufu zimepita bila nafuu. Omba rufaa kwa daktari wa ngozi, kwa sababu fangasi wa kati ya vidole, ukurutu na mzio hufanana kwa macho lakini dawa zake hutofautiana, na ile krimu yenye mchanganyiko wa dawa kadhaa inayouzwa kila duka huzidisha baadhi yake. Sabuni au mafuta yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka dakika 15 kabla ya kuondoka nyumbani. Mtoto akimeza mafuta ya harufu, usimtapishe, kwa kuwa yanaweza kuingia mapafuni yakipanda, na usipoteze muda kumnywesha maziwa. Mchukue yeye na chupa, mwende hospitali hata kama anacheza. Akipumua kwa shida siku yoyote, pumu yake itibiwe kwanza, mjadala wa harufu usubiri.

Daktari akithibitisha kwamba karafuu ndiyo iliyokuletea mzio, mwambie pia daktari wako wa meno. Dawa nyingi za kuziba jino kwa muda huchanganywa kwa eujenoli, na yeye anazo nyingine.